Turubai la Mtaa na Mlango wa Gereji

Kuna aibu zinazoisha watu wakishacheka, na hii yangu ilishachekwa ya kutosha, lakini mpaka leo nikikaribia duka la Mzee Silwimba navuka barabara napita upande wa pili, mtu mzima na mkoba wangu wa kazini, kama mtoto aliyevunja kikombe cha mgeni. Naisimulia mwenyewe kwa sababu wanaoisimulia pale mtaani kwetu Mpemba wameshaongeza mambo. Mmoja anasema nilizimia. Sikuzimia.

Mimi ni mtu wa Kilosa, kwetu shuka moja linakutosha mwaka mzima. Kazi ya kukagua makaratasi ya mizigo ndiyo iliyonileta mpakani Tunduma, na nyumba niliyopanga ilikuwa nzuri isipokuwa sehemu moja, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo niliyoishi. Mwenye nyumba alijenga gereji ya gari imeungana na nyumba, gari lenyewe likakosekana (lake, na langu pia), vyumba vingine akajaza vitu vyake akafunga, basi gereji ikawa sebule yangu na kitanda changu kikawa humo humo. Mlango wake ni wa bati, mabawa mawili, unapitisha pikapu, na chini yake pana uwazi wa kupitisha paka. Mwezi wa sita ukiingia, upepo wa Mbozi unapita hapo kana kwamba na wenyewe unalipa kodi. Nikanunua hita, hita ikala umeme mpaka nikawa naiwasha na kuizima kama mtu anayetania. Mkaa siwashi ndani ya chumba kilichofungwa, hilo mama yangu alinikataza tangu nikiwa mdogo.

Niseme na hili, maana bila hili mkasa hauelewiki. Nilikuwa nimekaa mtaa ule mwaka na nusu, na watu niliowajua kwa majina walikuwa watatu: Simbeye wa bodaboda, aliyekuwa akinipeleka kazini, Mzee Silwimba mwenye duka, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya misiba, na jirani yangu Mama Tusekile, anayetunza masufuria na turubai la mtaa. Wao hawakulijua jina langu. Nilikuwa dada wa ofisini. Natoka kabla hawajafungua, narudi wameshafunga, Jumapili nafua.

Jumamosi moja nikaamua kuuziba ule mlango. Nilishaupima, nikachora, nikapanga hatua zote kwa mpangilio: natoa makochi, meza na zulia nje ili nipate nafasi, nanunua magodoro mawili makuukuu kwenye gesti iliyokuwa inabadilisha vitanda, nayakata vipande, nabandika kwa gundi ya mafundi viatu upande wa ndani, juu yake nafunika kwa magunia. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Kilichobaki ni vumbi la malori, makochi yangu ni ya kitambaa cheupe (ndiyo, cheupe, Tunduma, nichekeni), kwa hiyo nilipomtuma Simbeye akalete magodoro nikamwambia apitie na kwa Mama Tusekile aniombee turubai, nalihitaji sasa hivi. Huo ndio uamuzi ulioniponza. Nyumba yake iko hatua chache kutoka kwangu na ningeweza kwenda kwa miguu yangu, ila niliona tabu kugonga mlango wa mtu ambaye sijawahi kuugonga.

Baadaye nilimhoji Simbeye neno kwa neno, na kwa kweli hakusema uongo hata mmoja.

"Mama aliniuliza, turubai la nini? Nikamwambia sijui. Akaniuliza, umeona nini? Nikamwambia makochi yote yako nje, mimi nimebeba magodoro, na dada amesema haraka. Basi. Mimi ni wa bodaboda, dada, mengine sikuyasema."

Hakuhitaji kuyasema. Turubai lile hutoka kwa harusi au msiba, na harusi hutangazwa mapema. Makochi yakitoka nje na magodoro yakiingia ndani, mtu yeyote pale anajua sebule inaandaliwa kwa ajili ya wafiwa kukaa chini. Mimi mwenyewe naijua desturi hiyo, hata kwetu iko, ila siku hiyo kichwa changu kilikuwa kwenye vipimo.

Nikajifungia ndani na kuanza kubandika. Nikasikia wanaume wawili watatu wakifika na kuchimba mashimo ya nguzo, nikajisemea watu wa Mpemba ni wakarimu, nimeomba turubai tu nao wamekuja kulifunga kabisa. Kisha sauti zikaanza kupungua, na mimi nikafurahi, maana kila kipande cha godoro kilichoshika kiliuondoa mtaa kidogo kidogo, honi, redio, watu, mpaka nikabaki nasikia pumzi yangu. Kumbe nje watu walikuwa wanaongezeka. Gundi ile kwenye chumba kilichofungwa ni adhabu, na vumbi la magodoro ya gesti sitaki kulizungumzia, macho yakawaka, pua ikamiminika, ikanibidi nitoke kwa mlango wa jikoni nikatafute hewa.

Nilitokeza uani nikiwa na kitenge kiunoni, mtandio kichwani, macho mekundu na machozi hadi kidevuni. Turubai lilikuwa limesimama juu ya nguzo. Wanaume walikuwa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, moto umewashwa na sufuria kubwa la maharage liko juu yake. Makochi yangu meupe yalikuwa kando, kwenye vumbi, hayajafunikwa na kitu. Wanawake waliponiona wakaangua kilio, na kabla sijafungua mdomo Mama Tusekile alishanikumbatia.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Ni nani?"

Hapo ndipo ningesema hakuna, mama, naziba mlango. Nimelirudia jibu hilo mara nyingi tangu siku ile, ni fupi na halina ugumu wowote. Lakini yule mama alikuwa ananuka moshi na sabuni ya mche, mkono wake uko mgongoni kwangu unapanda na kushuka, na sikumbuki kabla ya hapo ni lini mtu alinigusa kwa zaidi ya kunirudishia chenji.

"Mama," nikasema.

Haukuwa uongo. Mama yangu alikuwa amefariki. Ila alifariki mwaka jana. Nilikwenda Kilosa, tukazika, nikarudi Tunduma usiku, asubuhi nikaenda kazini, na mtaani hakuna aliyejua kwa sababu sikumwambia yeyote. Sasa nikakalishwa kwenye mkeka nikalia, na siwezi kuwaambia ni machozi gani yalikuwa ya gundi na yapi yalikuwa ya kwangu.

Wakati mimi nalia, kamati ikaendelea na kazi, na kamati ya mtaa ule haichelewi. Mzee Silwimba alikuja akachuchumaa mbele yangu, kofia mkononi.

"Binti, tumeamua hivi. Hatuwezi kukuacha usafiri peke yako. Mama Tusekile na mwenzake mmoja watakusindikiza, wakatuwakilishe. Basi la alfajiri lina nafasi. Kilichobaki utuambie, mazishi ni lini?"

Nyuma yake nikamwona huyo mwenzake, mama mmoja nisiyemfahamu, ameshapewa koti la kuazima na analijaribu mikono. Lile koti ndilo lililonishinda.

"Alishazikwa, mzee."

"Lini? Leo?"

"Mwaka jana."

Mzee Silwimba aliniangalia, akaangalia turubai, akaangalia makochi.

"Na leo amekufa nani?"

"Hakuna aliyekufa. Naziba mlango wa gereji, baridi inaingia."

"Na hayo macho?"

"Ni gundi, mzee."

Alisimama taratibu akavaa kofia. "Nimefunga duka," akasema, si kwa hasira, kama mtu anayetoa taarifa. Mmoja kwenye mabenchi akashindwa kujizuia akacheka, wa pili akafuata, mwishowe kicheko kikazunguka turubai zima, hata yule mama mwenye koti alicheka akilivua. Waliomba waone ule mlango. Nikawapitisha ndani wakaugusa, wakaubonyeza, Simbeye akasema godoro hilo lingelala watu wawili, sasa linalala bati.

Mama Tusekile hakucheka. Alisubiri wengine watoke.

"Mwaka jana ulikuwa unaishi hapa hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Ukafiwa na mama yako, ukarudi ukapita mlangoni kwangu."

"Ndiyo."

"Ukanisalimia?"

Nikamwambia nadhani nilimsalimia. Akatikisa kichwa, akaniacha pale, akaenda kugawa chakula, kwa sababu chakula cha msiba kikishapikwa hakirudi nyumbani kwa mtu. Tukala. Watu walinipa pole upya, wengine kwa dhati, wengine huku wanabana kicheko, na jua lilipoinama wakafungua turubai, wakakunja mikeka, wanaume wakaniingizia makochi ndani.

Mama Tusekile alikuwa wa mwisho kuondoka. Blanketi alilokuja nalo lilikuwa begani, maana mfiwa halazwi peke yake, na yeye alishajiandaa.

"Nilale?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeaibika mno kumtazama. Nikamwambia, "Hapana, mama, nenda tu kapumzike, nimewasumbua vya kutosha." Akasema, "Haya," akaenda.

Kazi ya mlango ilikuwa nzuri, nawaambia ukweli. Upepo haukupita, hita sikuiwasha, nikakaa kwenye kochi langu lenye vumbi sisikii kitu chochote cha mtaani, nimepata joto. Turubai sitaliomba tena kwa mdomo wa mtu mwingine, hilo ni jepesi. Nililojiapia ni jingine: siku mtu atakaposimama mlangoni kwangu na blanketi lake akaniuliza swali lile, nitajibu ndiyo kabla sijapata nafasi ya kufikiri.