Nilimtishia mwanangu kwa shimo la choo, lawama akabeba Mama Kulwa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wakubwa wangu, shikamooni.

Ninayoandika ni kweli tupu, nami nimeyakana kwa miezi saba. Nimeyakana mbele ya mume wangu, mbele ya nesi na mbele ya mama mkwe. Hata kwenye kitubio niliyaruka, nikamtajia padri dhambi ndogondogo za uvivu.

Ni mimi niliyemning'iniza mwanangu juu ya tundu la choo nikamwambia litammeza.

Sasa mnisikilize.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bugarama. Nina miaka arobaini na tatu, na mtoto wangu wa pekee, Masanja, alikuwa na miaka miwili na nusu mambo haya yalipoanza. Nina shahada ya ualimu. Utafiti wangu chuoni ulihusu malezi ya mtoto mdogo, na nilipata alama A. Mnaweza kuanza kucheka hapo.

Chekechea ya karibu haipokei mtoto wa pampasi, kwa hiyo ilibidi Masanja ajue choo kabla ya Januari. Nikaenda Mwanza, nikanunua poti ya njano yenye umbo la bata, ukikaa inapiga muziki. Masanja aliipenda sana. Aliivaa kichwani. Aliwawekea kuku mahindi humo. Alifanya nayo kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Aliyemfundisha ni Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa mjane wa miaka sitini hivi. Alikuwa anatuangalizia watoto sisi walimu wa jirani, huku akikaanga vitumbua kwa kuni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Yakumbukeni hayo macho, maana watu wa huku waliyakumbuka.

Njia yake ilikuwa ya zamani. Mtoto akishamaliza uji, Mama Kulwa anakaa chini uani, ananyoosha miguu, anamkalisha mtoto juu ya nyayo zake mbili zikiwa zimeachana kidogo. Kisha anamfanyia "ssss" taratibu. Wiki tatu, Masanja akawa anasema mwenyewe, "Bibi, ssss."

Kwake alikuwa mtu mzima. Kwangu Jumamosi na Jumapili alilowesha godoro, kochi na sketi zangu.

"Mwalimu, una haraka," Mama Kulwa aliniambia. "Mtoto si mtihani huyu, usimsimamie na saa."

Nilicheka. Moyoni niliona wivu. Mwanamke asiyejua kuandika jina lake alikuwa ananishinda kwenye somo langu.

Mwezi huohuo duara liliporomoka nje kidogo ya mji. Duara ndilo shimo la wachimbaji wadogo, wanashuka humo kwa kamba. Jirani yetu, Baba Sida, alikuwa chini. Hakupanda tena. Nilikwenda msibani na Masanja mgongoni, siku mbili mfululizo, na wanawake walikuwa wanalia neno moja tu: shimo limemmeza, shimo limemmeza baba wa watu.

Sikufikiri kwamba mtoto mgongoni anasikia. Mwenye alama A, lakini sikufikiri.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha tatu, karatasi nimezitandaza mkekani. Masanja akaja, akasimama katikati ya karatasi, akakojoa.

Nilimnyakua kwa mkono mmoja hadi choo cha nje. Nikamshika kwapani, nikamning'iniza juu ya tundu, miguu yake ikawa inaelea. Nikasema, na nayaandika maneno kama yalivyotoka, "Ukirudia tena, shimo hili litakumeza kama lilivyommeza Baba Sida."

Hakulia, wakuu. Hilo ndilo linaloniamsha. Alinikazia macho tu.

Tangu siku hiyo akabana haja kubwa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jumatatu Mama Kulwa akanirudishia mtoto na kuuliza, "Mwalimu, huyu kaogopa nini? Nikimkalisha anajikaza, anatetemeka."

"Sijui," nikasema. "Labda ni huko kwako."

Ndivyo nilivyoanza. Maneno machache ya kujikinga na aibu.

Siku ya sita tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, hali chochote, homa juu. Tukampeleka kituo cha afya, wakamwingizia mpira wa maji kwa nyuma. Mume wangu alimshika miguu, mimi mikono. Sitasimulia kilio kile.

Nesi aliuliza, "Kuna mtu amemtisha huyu mtoto?"

Mume wangu akanitazama. Nikasema, "Hapana."

Tukarudi nyumbani, akabana tena. Na sasa akaongeza jipya: tukifika kwa Mama Kulwa analia langoni, anang'ang'ania shingo yangu. Sababu ninaijua. Choo cha Mama Kulwa kilikuwa palepale langoni, mlango wake wa gunia, tundu linaonekana. Lakini majirani waliokuwa wananunua vitumbua waliona mtoto anayemkimbia bibi.

Mama mkwe akaja kutoka Ushirombo kumwona mjukuu. Ni mama wa kanisa, rozari haitoki mkononi. Alimpapasa Masanja tumbo, kisha akaniita jikoni.

"Mayu," akasema, ndiyo mama kwa Kisukuma, "mtoto huyu kafungwa."

"Amefungwa na nani, mama?"

"Nakuuliza wewe. Nani anamshika ukiwa kazini?"

"Mama Kulwa, jirani."

"Ana macho gani?"

Wakuu, hapa ndipo pa kunipiga mawe. Nilikuwa na nafasi ya kusema: mama, ni mimi, nilimtisha na choo. Sentensi moja. Badala yake niliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani, nikajibu, "Mekundu. Lakini ni moshi tu, mama."

Alichosikia ni "mekundu."

Huku macho mekundu ya bibi ni alama ya uchawi, lakini mimi sikumwita mtu yeyote mchawi. Nimejiambia hivyo mara nyingi mno. Mama mkwe alisema kwenye jumuiya, jumuiya ikasema sokoni. Ndani ya wiki mbili wazazi wote wakaondoa watoto kwa Mama Kulwa. Vitumbua vikadoda. Bati lake likaanza kupigwa mawe mchana kweupe, mwenye nyumba akamwambia atafute pengine.

Alikuja kwangu, hakuketi.

"Mwalimu, wewe umesoma. Wewe wanakusikiliza. Waambie."

Nikasema, "Mama, mimi sijasema chochote."

Akaniangalia kidogo. "Ndiyo, mwalimu. Hujasema."

Alipanda bajaji hadi stendi na godoro, sufuria na karai la vitumbua, akaenda kwa binti yake Kulwa, aliyeolewa upande wa Songwa, wilaya ya Kishapu. Hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilikuwa darasani nafundisha uraia, mada ya haki za binadamu. Sitanii.

Masanja alipona polepole, kwa papai, maji mengi na baba yake. Mume wangu ni fundi magari, hana cheti cha malezi. Yeye alimkalisha kwenye ile poti ya bata, akakaa naye chini akimhadithia kuhusu gia. Siku moja mtoto, maneno yakiwa yameanza kukaa sawa, akamwambia, "Baba, mama alisema shimo litanimeza kama baba Sida."

Mume wangu akaja na hilo neno jikoni.

"Watoto wanaota ndoto," nikasema.

"Sawa," akasema. Hajalitaja tena. Ila tangu siku hiyo ni yeye anayempeleka mtoto chooni, hata mimi nikiwa nimekaa bure.

Ningeendelea hivyo hadi kaburini. Lakini juzi mwalimu mwenzangu wa kutoka Kishapu alirudi kutoka likizo na habari. Uvumi ulifika Songwa kabla ya godoro lake kutandikwa. Mtoto wa jirani huko kaugua tumbo, watu wamekumbuka kwamba bibi huyu alifukuzwa Bugarama kwa kufunga watoto. Wazee wa kitongoji na sungusungu watakaa Jumapili kuamua kama abaki au aondoke. "Na akiondoka huko," mwenzangu akasema, "sijui ataondoka vipi."

Jumapili ilikuwa jana.

Kwenye uzi kama huu mtu humaliza kwa fundisho, kwa hiyo nalitoa kabisa: mtoto mdogo ukimtisha ataamini, na ukinyamaza watu wazima nao wataamini. Msitumie hofu kufundisha choo. Mkishaitumia, semeni siku hiyohiyo, aibu ikiwa bado ni ya nyumba moja. Wenye kunishauri karibuni, wenye kunitukana karibuni pia, nitasoma yote.

Simu nilipiga jana hiyohiyo saa nne asubuhi, kwa namba ya Mama Kulwa, mume wangu ameketi mbele yangu. Nilitaka asikie. Akapokea Kulwa, binti yake.

"Nani?"

"Mwalimu, wa Bugarama. Mama Masanja."

"Unataka nini tena?"

Nikamwambia. Kumning'iniza chooni, maneno, Baba Sida, yote.

"Subiri," akasema. "Naweka spika. Wazee wamekaa hapa."

Sauti ya mzee ikasema yeye ni mwenyekiti, nirudie kwa sauti, nyuma hawasikii. Nikarudia. Nikasikia benchi likisogezwa, mtu akaguna.

"Na mtoto aliugua kwa sababu hiyo?"

"Ndiyo, mzee. Bibi alikuwa anamfundisha vizuri. Mimi ndiye niliyemharibu."

"Kwa nini hukusema wakati ule?"

"Niliona aibu."

"Aibu," akasema, kama anayeonja kitu. Wakazungumza Kisukuma muda mrefu, sauti zikipanda na kushuka. Mume wangu alikuwa anatazama sakafu. Mwishowe mwenyekiti akarudi. "Mwalimu, bibi anabaki. Hakuna wa kumgusa. Mpeni simu mwenyewe."

"Mwalimu," akasema Mama Kulwa.

"Mama, nisamehe. Rudi, nitawaambia watu wote huku, mlango kwa mlango."

"Waambie. Kurudi, hapana." Akakohoa. "Mtoto anakwenda choo?"

"Anakwenda, mama. Kila siku."

"Haya, vizuri. Nimekusamehe. Sasa namba hii uifute."

Akakata.