Kigimbi cha Duane na Pazia la Bi Eila

Duane Saarela aligeuka na tusi mdomoni, maana aliamini kabisa kwamba mtu amemrushia jiwe kwenye kigimbi. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Kulikuwa na barafu ya Februari na ngazi arobaini na moja za nyumba ya Bi Eila Kangas. Jiwe lenyewe lilikuwa msuli wake, umechanika.

"Wiki sita," daktari alisema. "Na hurudi kugawa barua mpaka usimame kwa mguu huo mmoja, uinue kisigino mara ishirini bila kushika kitu."

Duane alikuwa amegawa barua kwenye mlima ule juu ya Ziwa Superior, kaskazini mwa Marekani, kwa miaka ishirini na sita. Maumivu aliyamudu. Kilichomnyima raha ni pazia. Bi Eila, mjane wa miaka themanini na tisa, aliishi peke yake, na wawili hao walikuwa na mapatano: kila asubuhi bibi anapandisha pazia la jikoni. Duane akilikuta chini, anaingia kwa ufunguo aliopewa. Tena, tuseme kweli, hata akilikuta juu alikuwa akiingia, akampangia kuni kando ya jiko, wakanywa kahawa harakaharaka.

Sasa, posta yao ilikuwa imewapa kimashine cha mkononi kinachomchongea kwa mkubwa kila anayesimama zaidi ya dakika chache. Duane, mtu wa kanisani, kila alipoingia kwa Bi Eila alikuwa akikifunga shingoni mwa mbwa wa jirani yake. Mbwa akizunguka uani, kimashine kinaandika kwamba Duane anatembea. Ujanja huo ulimchekesha miaka mitatu, na ndio uliomfunga mdomo. Akitaja pazia, ataulizwa alikuwa akiingia saa ngapi, na habari za mbwa zitafumka. Kustaafu kulibaki miaka miwili tu.

Trent, aliyepewa kushika njia yake, alimpigia simu siku ya kwanza.

"Kuna lolote la kujua, mzee?"

"Angalia barafu tu."

"Hilo umeshanifundisha kwa vitendo!" Trent akacheka.

Kila siku Duane alimpigia Bi Eila, mpaka bibi akachoka.

"We Duane, mimi si mtoto mchanga. Nikikimbilia simu nikavunjika nyonga, utafurahi? Pazia linatosha. Huyo mwenzio umemwambia, sivyo?"

"Nimemwambia, mama."

"Basi nipumzishe."

Duane akaacha kupiga simu. Wiki ya tatu mkewe, Marlys, alimkuta jikoni akiinua kisigino, jasho linamtiririka.

"Unakimbilia wapi, baba? Barua zitakufa njaa?"

Duane aliendelea kuhesabu. Alipofika kumi na nne, msuli ukachanika upya. Alilia kwa sauti, na Marlys akadhani ni maumivu. Hata hapo hakusema, na mimi siwezi kumtetea.

Wiki ya tisa alifika ishirini. Ijumaa asubuhi alikuwa posta, na Trent akamkabidhi mkoba.

"Yule bibi wa ngazi nyingi, siku hizi anapenda giza? Pazia liko chini tangu Jumanne. Na sanduku lake la barua limejaa, nashindilia tu."

Duane aliacha mitaa yote ya chini, akaenda moja kwa moja. Alipanda ngazi arobaini na moja bila kupumzika, na mguu ukamstahimili mpaka juu. Aliuchukia kwa hilo.

Bi Eila alikuwa sakafuni chini ya dirisha, amevaa nguo za mchana, baridi kama jiko lake. Kahawa ilikuwa imeganda kikombeni. Jumanne alikuwa ameamka, akapandisha pazia kama kawaida, kisha akaanguka kando ya meza. Kutoka hapo alijikokota mpaka ukutani, akalishusha, ili mtu wa barua aone. Kamba ilikuwa bado mkononi mwake.

Duane alikaa sakafuni karibu naye. Safari hii hakuwa amepitia kwa mbwa, na kimashine kikaanza kulia mkobani kwamba amesimama mno. Alikiacha kilie.