Kwanza Itue Pembe

Mwanangu, ipo siku moja hainitoki moyoni, na leo uliponiambia umepata kazi barazani kwa liwali, imenirudia kama ya jana.

Mjomba wangu Kombo alikuwa mpiga mbiu wa Bagamoyo. Pembe aliyoipulizia mbiu ilikuwa ya mji, na aliyeishika alisema ya liwali tu, lake halimo. Akiwa nayo mkononi, hata salamu hakuitikia. Ukimwamkia njiani alikupita kama hakujui, lakini akishaitundika pembe, alikufuata mpaka kwenu: "Marahaba ya asubuhi hiyo, mpwangu." Sisi vijana tukimcheka.

Basi wageni wa Kizungu walipotaka kupandisha bendera yao mjini watutawale, liwali alimtuma atangaze watu watulie. Akapuliza sokoni Dunda, na la mgambo likilia lina jambo, tukajaa. Akalifikisha neno zima la liwali, hakupunguza wala hakutia chumvi. Sisi tulikuwa na marungu, damu zinachemka. Tukamzingira.

"Na wewe mwenyewe, Mjomba, bendera hii waitaka?"

Mwanangu, lau angetikisa kichwa tu kukataa na pembe ile mkononi, tungesema mji umeamua, na kabla ya magharibi wangezikwa watu.

Alishika njia mpaka barazani, nasi nyuma yake. Mbele ya askari wenye bunduki akaiweka pembe miguuni pa liwali.

"Neno lako nimelifikisha, bwana. Sasa asemaye ni Kombo bin Shomari, mkulima wa Makurunge. Bendera ile siitaki."

Sikuwa nimepata kumwona mtu mfupi vile akawa mkubwa vile. Liwali akamwambia:

"Nimekusikia, Kombo. Nenda shambani kwako."

Akaenda, na pembe hakuishika tena. Njaa aliionja. Nasi tulirudi makwetu, kwa kuwa lile lilikuwa neno la mtu mmoja, si la mji; marungu yametuelemea. Mpiga mbiu aliyemfuata alichanganya ya liwali na yake, hata ikawa mbiu inalia na watu wanaendelea kununua muhogo.

Mwanangu, kazi haikunyang'anyi moyo wako. Ukiwa na lako, liseme, lakini si kwa kinywa ulichoazimwa. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Itue pembe kwanza, na uwe radhi kulala njaa kwa ulilolisema.

Mungu akupe ulimi wa kufikisha amana, na siku ikikulazimu, akupe mikono ya kuitua pembe. Amina.