Televisheni kubwa, sebule ndogo

Leo dukani muuzaji kaniuliza nakaa mbali kiasi gani na televisheni. Moyo ukanilipuka.

Msicheke kwanza.

Miaka ya tisini, nyumbani Igogo, baba alileta televisheni kubwa kuliko zote mtaani. Sebule yenyewe, ukinyoosha miguu unagusa kioo.

Ikawashwa. Uso wa mtangazaji ukawa mistari na chembechembe. Pua siioni.

Nikafumba macho, nikafumbua. Bado.

Bibi yangu alikuwa kipofu, na alitusimulia kwamba kwake ilianza hivyohivyo, nyuso za watu zikimpotea.

Baba anatabasamu pale, ningemwambiaje?

Kugeuka, namwona mama anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Anafuta, anatazama, anafuta tena. Bibi huyo ni mama yake mzazi.

Nikatoka nje ili nilie huko.

Majirani walikuwa wamejaa dirishani, si mnajua enzi zile. Nikachungulia katikati yao.

Mtangazaji mzima kabisa, hadi kovu la kidevuni.

"Mama, njoo huku."

Akaja, akatazama. Mkono alionishika nao ulikuwa wa baridi.

"Unamwona?"

"Namwona, mwanangu."

Kumbe picha ni ileile ya televisheni ndogo, imevutwa tu ijae kioo kikubwa. Ukiwa karibu unaona mistari, ukisogea mbali unamwona mtu.

Baba akabaki peke yake kwenye kiti cha mbele. Tabasamu limekwisha.

Akauliza polepole, bila kugeuka: "Kwani na ninyi hamumwoni?"