Kitufe cha Gia cha Marehemu

Jumamosi, Kibiti.
Zuhura na wenzangu wote, leo nusura niuze gari la marehemu mume wangu kama skrepa!

Mnunuzi alidai giaboksi ya otomatiki imekufa, haiingizi gia ya mwisho.
Nikamwita fundi Shabani tulipime kwanza.

Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akainusa. "Haijaungua, mama."
Akaweka R ya kurudi nyuma, kisha D ya kwenda mbele. Gari halikushtuka, dalili njema.

Tukaingia barabara ya lami. Injini ikaunguruma mno, gia ya mwisho haiingii.
Nikakata tamaa.

Mara fundi akacheka. "Nani kakizima hiki?"
Kumbe ubavuni mwa mkono wa gia kuna kitufe. Ukikizima, gia ya mwisho haiingii kabisa.

Mume wangu huyo! Kila masika alikizima kwa ajili ya tope la njia ya Utete. Mara ya mwisho alirudi anaumwa, hakuendesha tena.

Fundi akanyoosha kidole akibonyeze. Nikamzuia.
"Ngoja, nibonyeze mwenyewe."
"Haya, mama. Marehemu kakuachia mtihani!"

Nikabonyeza. Mngurumo ukashuka, gari likateleza kwa utulivu.
Siliuzi.

Nanyi mlikijua kitufe hiki? Niambieni.
Na mkimwombea marehemu, mnikumbuke na mimi.