Mngurumo Ambao Besi Hakuusikia

Katika bendi ya watu wanne, mpiga gitaa la besi ndiye ambaye wageni humkumbuka wakiwa wamesharudi nyumbani, wanapojaribu kuhesabu walikuwa wangapi jukwaani. Mpiga besi wa hadithi hii hilo halimsumbui. Watu humwita Besi, na hata mkewe humwita hivyo akiwa na haraka.

Mchana anafua mashuka ya hospitali. Chumba chake kiko nyuma ya jengo: mashine za kufulia zenye milango ya vioo vya mviringo, mashine za kukaushia, na meza ndefu ya kukunjia. Mashine hizo zinanguruma tangu anapoingia hadi anapotoka. Wanaofanya kazi humo huzungumza kwa sauti ya juu popote walipo, hata msibani, mpaka mtu awaguse bega. Mfanyakazi mgeni hulalamikia kelele wiki ya kwanza, kisha huacha. Huwa hajazizoea. Ameacha tu kuzisikia.

Jioni na mwisho wa wiki, Besi ni mtu wa pedali. Pedali ni kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Ukikikanyaga, sauti inabadilika. Alikuwa nazo tano. Moja ni ya kupimia nyuzi. Hiyo haibadilishi sauti, inaikata tu kwa muda na kuwasha taa ya kijani uzi ukiwa sawa, na Besi anaipenda kuliko zote kwa sababu ndicho kifaa pekee, nyumbani na kazini, kinachomwambia kwamba yuko sawa. Nyingine inabana sauti ili noti kubwa na ndogo zitoke kimo kimoja. Nyingine inaongeza sauti oktava nzima chini ya gitaa, kule ambako masikio yanaacha kazi na tumbo linaendelea. Ya nne inakwaruza. Ya tano inatoa mwangwi.

Hiyo ya oktava ni ya pili ya aina yake. Ya kwanza ilikufa siku Besi alipoiunganisha na adapta ya redio ya mama mkwe. Plagi iliingia vizuri, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Pedali ile ilitaka hasi katikati ya tundu na chanya pembeni. Adapta ya redio ilikuwa imepangwa kinyume. Ulitoka moshi mwembamba mweupe wenye harufu ya nywele zilizoungua. Mama mkwe aliuliza swali moja tu, kama redio yake imepona.

Tangu siku hiyo Besi hakuunganisha kitu bila kugeuza adapta na kuangalia mchoro mdogo unaoonyesha hasi iko wapi. Akishauona, hasomi zaidi. Pedali zake zote zilipata umeme kutoka adapta moja, kwa waya mmoja wenye vichwa vitano, kama ndugu watano wanaomtegemea baba mmoja mwenye mshahara mmoja.

Shida ilitajwa rasmi kwenye gereji ya shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye kiongozi wa bendi na mpiga gitaa la solo. Yalikuwa mazoezi ya mwisho kabla ya Jumamosi.

“Shemeji,” Kiongozi alisema, “meneja wa ukumbi amenipigia simu.”

“Anasemaje?”

“Anasema sisi tukiwa jukwaani, wakati wa hotuba anasikia friji.”

“Ukumbini hakuna friji.”

“Ndiyo maana amepiga.”

Mpiga kinanda, anayeitwa Vidole, alikuwa akikunja waya. “Friji gani,” alisema. “Mimi nilidhani ni mashine ya kusaga nafaka.”

Besi aliinamia amplifaya yake, akasikiliza kwa uaminifu. “Sisikii kitu.”

“Husikii? Kaka, paka wa humu ndani amehama,” alisema Vidole.

Mwimbaji wao, dada mmoja anayeitwa Chiriku, alikuwa amekaa juu ya spika ya Besi, viatu amevua. Huvua viatu kila anapoimba na husimama palepale, hatua moja kutoka kwenye spika hiyo. Bendi ina mtindo wake wa kuanza: Chiriku huingia peke yake, sauti tupu, mstari mzima, ndipo vyombo vimfuate. Hajawahi kukosea pa kuanzia. Kiongozi humlaumu kwa jambo moja tu, kwamba noti zake huwa juu ya zile za vyombo kwa unywele mmoja, na hilo wameshakubaliana kuliita staili.

“Wewe mngurumo haukusumbui?” Kiongozi alimuuliza.

“Mngurumo gani?” Chiriku alifikiri kidogo. “Ah, huo. Huo si uko siku zote?”

Kiongozi aligeuka tena kwa shemeji yake. “Jumamosi tunamuaga mkuu wa shule anayestaafu. Hotuba zitakuwa nyingi, na meneja atakuwa amesimama pale mlangoni. Ukinguruma katikati ya hotuba, shemeji yangu, nitakuomba ushuke ukakae na wageni. Vidole atapiga besi kwa mkono wa kushoto.”

“Mkono wa kushoto hauna kazi?”

“Hauna,” alisema Vidole. “Umekaa tu.”

Halikuwa tishio tupu. Bendi hii iliwahi kuwa na mpiga ngoma. Kisha Vidole akagundua kitufe fulani kwenye kinanda. Mpiga ngoma sasa anauza viatu, na akikutana na bendi barabarani huwasalimia wote kwa moyo mmoja, isipokuwa kinanda.

Besi alibeba vyombo vyake hadi nyumbani, akavipanga kwenye sakafu ya sebule, akawasha. Mkewe anafundisha darasa la kwanza katika shule ya mkuu huyohuyo aliyekuwa anaagwa. Alikuwa amekaa kwenye kochi akisahihisha madaftari.

“Mama watoto, unasikia?”

“Nasikia.”

“Ukoje?”

“Kama wewe ukiwa umelala.”

Besi alikaa chini. Alisema shemeji anataka kumtoa. Alilisema kwa sauti ileile ya kufulia, kwa hiyo hata jirani alilipata. Akaongeza kwamba kule hospitalini, miaka yote hiyo, hakuna mgonjwa aliyewahi kumpigia makofi kwa ajili ya shuka.

Mkewe aliweka kalamu chini. “Darasani mtu akinong’ona na simjui ni nani, huwa nawatoa nje wote. Kisha naingiza mmoja mmoja. Haya, watoe.”

Besi alichomoa pedali zote. Akaingiza ya kupimia nyuzi peke yake: kimya. Akaitoa, akaingiza ya kubana: kimya. Ya oktava, ya kukwaruza, ya mwangwi, kila moja peke yake, kimya.

“Hakuna mkosaji,” alisema.

“Hakuna mkosaji peke yake. Sasa waingize, na aliyeingia asitoke.”

Ziliingia nne, mkewe akitikisa kichwa kila mara. Ilipoingia ya mwangwi, akainua kidole. “Huyo.”

“Lakini peke yake alikuwa kimya.”

“Basi si mtundu. Ana njaa.” Aliigeuza pedali, akasogea kwenye taa. “Hapa chini pameandikwa nini?”

Kila pedali imeandikwa kwa herufi ndogo kiasi cha umeme inachotaka, na kila adapta imeandikwa kiasi inachoweza kutoa. Mkewe alijumlisha pembeni ya daftari la mtoto wa watu, kisha akafuta. Pedali ya mwangwi ilikula zaidi ya wenzake wanne wakiunganishwa. Adapta ilikuwa inabeba mzigo usio wake, na ilikuwa inalalamika kwa njia pekee inayoijua.

“Hii adapta hukuwahi kuisoma?”

“Niliisoma. Hasi iko katikati.”

Mkewe aliiweka adapta chini. Alichukua ile ya kukwaruza. “Hii uliitumia lini mara ya mwisho?”

“Harusi ya mdogo wako.”

“Ile walipokuja kuuliza kama spika imepasuka?”

“Hiyohiyo.”

Akaiweka pembeni. Akachukua ya mwangwi.

“Hiyo naitumia,” Besi alidakia.

“Wapi?”

“Mwisho wa wimbo wa mwisho.”

“Watu wakiwa wanatafuta funguo za gari?”

Besi aliipokea ile pedali. Kisha naye akaiweka pembeni, polepole, kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala.

Kwa hesabu, tatu zilizobaki zingetoshelezwa na adapta ya zamani, na mkewe alilisema hilo. Besi alijibu kwamba hesabu anaikubali, lakini nafasi yake bendini ni moja. Kesho yake alizipeleka zile mbili kwa fundi wa redio na kuzibadilisha kwa kisanduku cha kugawia umeme, kizito kama tofali, chenye matundu kadhaa, kila tundu na njia yake ya umeme.

“Humu hakuna anayekula sahani ya mwenzake,” alisema fundi. “Na hizi mbili zinafanya nini?”

“Moja inakwaruza, moja inarudiarudia.”

“Kama wateja wangu,” alisema fundi, akaziweka kwenye rafu.

Jumamosi mchana, kabla wageni hawajaingia ukumbini, Kiongozi alipiga magoti mbele ya spika ya shemeji yake na kutega sikio.

“Umewasha?”

“Nimewasha.”

“Una hakika?”

Besi aligusa uzi. Kiongozi alisimama upesi kuliko umri wake unavyoruhusu, akapangusa magoti, akasema ni vizuri.

Hotuba zilisikika zote, neno kwa neno, jambo ambalo si wageni wote walilishukuru. Meneja wa ukumbi alisimama mlangoni mikono nyuma, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Kwenye meza ya walimu, mke wa Besi alikunywa soda yake bila kumtazama mumewe, kama afanyavyo na mwanafunzi anayemtarajia kufaulu.

Kisha mshereheshaji akaita bendi. Chiriku alivua viatu, akashika maikrofoni, akafungua mdomo.

Akaufunga.

Wageni walingoja. Mstaafu, ambaye wimbo ulikuwa wake, aliegemea mbele kwenye kiti. Chiriku alifungua mdomo tena, na tena hakikutoka kitu. Alitazama miguu yake. Kisha akageuka, mgongo kwa wageni, akamsogelea Besi.

“Iko wapi?”

“Nini?”

“Ile yako.”

“Yangu ipi, dada?”

“Ile inayokuwepo! Hapa chini.” Aligonga mbao za jukwaa kwa unyayo. “Naanzia hapo. Leo hamna kitu hapa, pakavu!”

Vidole alibonyeza noti kwenye kinanda, kisha nyingine, akampa chaguo. Chiriku alitikisa kichwa kama mtu anayeletewa viatu vya mwenzake. Kiongozi alikuwa anatabasamu kuelekea wageni, na tabasamu lilikuwa limeanza kumchosha.

Besi hakuwahi kuusikia mngurumo wake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na cha kukumbuka. Aliwaza tu mahali ambapo Chiriku huanza. Mkono wake ulikuwa ukimfuata pale miaka yote: ni uzi mwembamba kuliko wote, bila kuushika popote. Alikanyaga pedali ya kupimia ikazima na gitaa likapata sauti, akaupiga uzi huo mara moja, taratibu, akauacha.

Mbao zikatetemeka kidogo. Chiriku alitulia. Alirudi mahali pake, akafumba macho, akaimba mstari mzima peke yake, na vyombo vilipoingia alikuwa navyo sawasawa, si chini wala si juu. Kiongozi aliitazama shingo ya gitaa lake kuona kama limepanda.

Baadaye, nyuma ya ukumbi, walipokuwa wakipakia vyombo kwenye pikapu, Kiongozi alisimama na spika mikononi.

“Kwa hiyo miaka yote hii,” alimwambia Chiriku, “ulikuwa unaimba kwa kufuata adapta.”

“Mimi sijui adapta. Nilikuwa nafuata kilichokuwepo.”

“Na ule unywele mmoja wa juu?”

“Muulize shemeji yako. Mngurumo wake ndio uliokuwa juu.”

Vidole alikohoa. “Noti ya kuanzia hata mimi naweza kumpa. Ni kitufe tu. Nakibonyeza, nakiacha.”

“Yako naipata masikioni,” alisema Chiriku. “Masikioni kuna kila mtu. Nataka ya kwenye nyayo, na mtu wa kuipiga, siyo kitufe. Kitufe hakijui nimeshavua viatu au bado.”

Kiongozi alipandisha spika kwenye gari, akaipangusa kwa mkono, kitu ambacho hakuwahi kuifanyia.

“Basi, shemeji, kuanzia sasa kila wimbo unatangulia wewe. Noti moja. Usiipambe.”

“Bila pedali?”

“Bila pedali. Na mkono wa kushoto,” alimwambia Vidole, “uendelee kukaa.”

Besi alifunga kisanduku chake cha umeme kwa taulo, akakilaza pembeni ya pedali tatu ambazo hakuna mtu aliyezisifia. Mkewe alikuwa tayari amekaa mbele kwenye pikapu, mkoba mapajani.

“Umefaulu?” alimuuliza.

“Wamenipa noti moja.”

“Si haba. Wewe ulikuwa unatolewa.”

Jumatatu aliingia kazini, akavaa aproni, akachukua shuka la kwanza. Alipofika mbele ya mashine ya kukaushia alisimama. Aliweka kiganja kwenye mlango wa kioo, kisha sikio.

“Kuna nini?” alipaza sauti mwenzake kutoka upande wa pili wa meza. “Imeharibika?”

“Unasikia?”

“Nini?”

“Hii.”

Mwenzake alisikiliza kwa uaminifu. “Sisikii kitu.”

“Iko juu kidogo ya noti yangu,” alisema Besi, akachukua shuka lingine.