Vifungo vya Bibi Fundi

Bibi alishona nguo maisha yake yote kwenye chumba cha mbele chenye dirisha moja, na muda wote huo hakumwamini mtu ila utepe wake wa kupimia. Mteja akidai amepungua, anazungushwa utepe kiunoni. "Umepungua adabu tu, mwanangu. Simama wima." Alifiwa na mume angali kijana, akawalea watoto wanne kwa kukanyaga cherehani, mpaka ikasemwa miguu yake inakanyaga hata usingizini.

Kazi ya wateja ilikuwa chuma. Nguo ya familia, wapi! Wiki haiishi, kifungo cha mwisho kimedondoka. Mjukuu wake, waliyemwita Kidoti, aliliona hilo tangu utotoni, likamkaa rohoni. Wageni wanashonewa kwa moyo, sisi tunaondolewa njiani? Akirudisha nguo, Bibi anamkazia macho: "Umefuata kifungo tu, eti?" Kisha anakishona taratibu, jioni nzima, akiuliza huyu anakula nini, yule analala wapi.

Kidoti alipojifungua, Bibi alimshonea mtoto kigauni cheupe. "Hiki usinirudishie," alisema, akageuza uso kukohoa.

Neno hilo lilimchoma Kidoti. Akashuku Bibi amemchoka, yeye na mwanawe. Kigauni akakisukumiza chini kabisa ya begi, hakumvika mtoto hata mara moja. Miezi ikapita, Bibi akafariki.

Sasa alikuwa anakunja nguo za marehemu pamoja na shangazi yake, mtoto kalala kwenye kitanda cha Bibi. Shangazi alipoinama, Kidoti akaona blauzi yake haina kifungo cha chini.

"Hata wewe, shangazi?"

"Sote! Kwani hukujua? Mama alikuwa anakipitisha uzi mara moja tu, makusudi. La sivyo nani angekuja kumwona? Mimi mwenyewe mvivu kama nini."

Kidoti akamtazama kwa pembe ya jicho. Maneno ya msibani huwa na sukari nyingi. Akakichomoa kigauni kwenye begi, akavuta kifungo cha kwanza. Hakikutikisika. Cha pili, vilevile. Cha mwisho akakivuta kwa meno. Wapi.

Shangazi akakipokea kigauni, akakigeuza upande wa ndani. Fundo juu ya fundo. Kicheko kikamkauka.

"Kumbe alijua hatakuwepo," akasema.

 Kidoti alimwinua mtoto na usingizi wake, akamvika.

Kigauni kilikuwa kimeshaanza kumbana mabegani.